Nywele Zilizobaki Mwazye

Shule zikifungwa mwezi wa sita, wasichana wa kwetu husuka. Muhula mzima vichwa vyao huwa vimenyolewa kwa amri ya shule, kwa hiyo likizo ndiyo nafasi yao pekee ya kupendeza. Mwaka ule dada yangu alimsuka binti yake nywele za uzi. Aliketi juu ya gunia la ulezi nje ya nyumba ya mama yetu, kijijini Mwazye, mtoto kambana katikati ya magoti. Jua lilikuwa kali na upepo wa baridi, kama kawaida ya miezi hiyo. Nami nilikuwepo kwa sababu kazi yangu ni kununua mahindi na ulezi vijijini na kuviuza mjini, na siku hiyo nilikuwa nikisubiri magunia yashonwe.

"Mama, unavuta!"

"Tulia. Nywele kama za kondoo, usipovutwa utasukwaje?"

"Utazifumua lini?"

"Kabla ya kufungua shule. Nitazifumua mwenyewe, nikunyoe mwenyewe. Mtu asiziguse."

Alizungusha uzi mweusi kuanzia kwenye ngozi hadi ncha, akafunga fundo, akahamia fungu jingine. Alipomaliza, kichwa cha mtoto kilikuwa kimejaa vijiti vyeusi vilivyosimama kila upande. Nilimtania nikamwambia anafanana na nungunungu. Alinikimbiza mpaka kwenye mti wa uzio.

Kabla likizo haijaisha dada yangu aliugua. Ilianza kama homa, wakampa dawa za homa. Alipelekwa zahanati, kisha Matai, kisha hospitali mjini Sumbawanga, nami ndiye niliyesimama kando ya kitanda alipokata roho. Nilimrudisha Mwazye kwa gari la mizigo nililozoea kukodi kwa ajili ya mahindi. Baba wa mtoto alikuja kutoka machimboni upande wa Mpanda, akazika, akarudi machimboni.

Kwetu ndugu wa karibu wa marehemu hunyolewa baada ya mazishi. Tuliketi kwenye mkeka mmoja, mmoja baada ya mwingine, mama yetu akipitisha wembe. Zamu ya mtoto ilipofika, wembe haukuweza kupita kwenye nyuzi, kwa hiyo mama alichukua mkasi kwanza. Akakata kijiti kimoja kimoja karibu na ngozi. Havikusambaratika. Vilianguka kwenye beseni vikiwa vizima, vimefungwa vilevile kama vilivyofungwa na mikono ya marehemu. Mtoto hakulia. Alikuwa akivitazama vinavyoanguka. Kisha mama alilibeba beseni akaenda nyuma ya nyumba, upande wa shamba, akarudi nalo likiwa tupu.

Ilibidi nimchukue. Mama yangu ni mtu mzima, anaishi peke yake, na mtoto alikuwa anaingia kwenye umri ambao mtu mzima wa peke yake haumudu. Nilimleta Izia, mjini Sumbawanga, nyumbani kwangu, ambako nina mke na binti anayemzidi yeye umri kidogo. Tulimtafutia uhamisho kwenye shule anayosoma binti yangu. Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, nikamweleza kwamba mtoto huyu amefiwa na mama yake juzi tu. Alisimama, akanipa mkono, akasema pole sana, tutamwangalia. Shuleni kulikuwa na mwalimu aliyeteuliwa kusimamia malezi na ushauri, ambaye pia ndiye angekuwa mwalimu wake wa darasa. Niliona bahati. Baadaye nilipofuatilia nyayo za taarifa hiyo, niligundua kwamba ilifika ofisini na ikaishia ofisini.

Siku ya kufungua shule palikuwa na baridi ya kukata masikio. Mke wangu alimvalisha sweta mbili. Sikuwepo paredi, lakini binti yangu alikuwepo, na jioni mezani alisimulia kwa furaha, akisimama na kuigiza.

"Baba, leo mgeni wetu kapigiwa makofi na shule nzima! Mwalimu wa zamu alikuwa anakagua nywele. Wengi wamekuja na minywele yao ya likizo, wanachapwa. Akafika kwake, akamshika kichwa, akampeleka mbele. Akasema: 'Mmekiona hiki kichwa? Hiki ndicho kichwa cha mwanafunzi! Ametoka kijijini, lakini amewashinda ninyi watoto wa mjini mliokuja na misitu. Huyu ndiye mfano. Mpigieni makofi ya kilo!' Tukapiga. Baba, tulipiga!"

"Hongera, mwanangu," mke wangu akamwambia mtoto.

Nilikuwa nikimtazama. Aliondoa mkono kwenye sahani taratibu, akauweka mapajani pamoja na mwenzake. Akasema ameshiba. Nilidhani ni ugeni.

Yaliyofuata nayapanga kama yalivyokuja. Kwanza lilikuja tumbo. Kila asubuhi, akishavaa sare, tumbo linamkata. Tulimpeleka zahanati wakampima malaria, wakampima minyoo, wakampima mkojo. Hapakuwa na kitu. Wakatupa dawa za minyoo hivyohivyo. Kisha likaja godoro. Mtoto mkubwa kama yule akaanza kukojoa kitandani, na kila siku mke wangu alilianika godoro nyuma ya nyumba ili majirani wasilione, na kila siku majirani waliliona. Mmoja alitushauri tumpeleke kwenye maombi. Mwingine aliuliza kwa sauti ya chini kama upande wa baba yake hakuna watu wabaya. Kisha yakaisha maneno. Alijibu alipoulizwa, kwa neno moja, na salamu alitoa kwa sababu salamu haikwepeki.

Shuleni watoto walimpa jina. Walimwita Mfano. Nilisikia kwa masikio yangu siku moja nilipopita na pikipiki, kundi la wavulana ukutani.

"Oya, Mfano! Kipara ngoto!"

"Mfano, tupigie makofi na sisi!"

Alipita katikati yao akiwa amevuta mikono ndani ya sweta mpaka haionekani. Niliwafokea wakatawanyika wakicheka. Nilipomuuliza kama wanamsumbua kila siku, alisema, "Hapana, mjomba."

Nywele zikaanza kuota. Jumamosi moja mke wangu alitoa mashine ya kunyolea akamnyoa binti yetu, kisha akamwita yeye. Mtoto aliyekuwa hasemi alipiga yowe ambalo lilimtoa jirani nje. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akaingia uvunguni mwa kitanda, akakataa kutoka.

"Mwache," nilimwambia mke wangu.

"Nikimwacha watamchapa."

"Watamchapa. Lakini hapa mwache."

Tulibishana kidogo. Yeye alikuwa sahihi kuhusu shule, nami nilikuwa sahihi kuhusu yowe lile. Mtoto alianza kuvaa kofia ya sufu muda wote. Kwa baridi ya kwetu kofia haishangazi mtu.

Siku ya ukaguzi ilikuja kama tulivyojua itakuja. Mwalimu wa zamu alikuwa yuleyule, mwalimu wake wa darasa, binti mdogo wa kutoka Mbeya aliyeajiriwa si zamani sana. Watu wote waliomzungumzia waliniambia kwamba ni mwalimu mwenye bidii, na sina sababu ya kusema vingine. Aliwavua watoto kofia. Alipofika kwake alisimama.

"Wewe! Wewe ndiye uliyekuwa mfano?"

Shule nzima ikacheka. Mwalimu akafanya kinachofanywa kwa kila mtoto mwenye nywele ndefu ili mzazi alazimike kummalizia: akachukua mkasi akamkata njia moja katikati, kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Haikuchukua muda. Akahamia kwa mwingine.

Wakati wa mapumziko mtoto alitoka getini na hakurudi.

Binti yangu alifika nyumbani peke yake akilia. Mke wangu alikimbilia kanisani na kwa majirani, nami nikawasha pikipiki. Nilijiuliza angekwenda wapi mtoto asiye na mtu mwingine mjini, na jibu lilikuwa moja, kwa hiyo nilishika barabara ya Matai. Kwenye kijiwe cha bodaboda cha mwisho nilisimama nikauliza.

"Bosi, mambo? Umepoteza mzigo?" kijana mmoja aliniuliza.

"Mtoto. Sare ya shule, sweta ya bluu."

Utani ukamtoka usoni. "Kapita. Kajifunika sweta kichwani. Nilimwuliza unakwenda wapi dogo, akasema kwa bibi. Nikajua bibi yuko hapo mbele."

Nilimkuta mbali kuliko nilivyotegemea. Alikuwa anatembea kando ya lami, pale mikaratusi inapoisha na mashamba yaliyovunwa yanapoanza, anatembea kwa mwendo wa mtu mzima anayewahi shughuli. Hakushtuka kuniona. Nilizima pikipiki nikatembea naye.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa bibi."

"Mwazye ni mbali. Ungelala njiani. Unakwenda kufanya nini kwa bibi?"

"Kuchukua nywele zangu."

Sikuelewa, na nadhani alijua kwamba sikuelewa, kwa sababu alisimama na kwa mara ya kwanza tangu msiba akanieleza jambo kwa kirefu.

"Zile za uzi. Bibi alizitia kwenye beseni akaenda nazo. Mama alisema mtu asiziguse, atazifumua mwenyewe. Bibi akazikata." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Halafu wakanipigia makofi. Mjomba, shule nzima walinipigia makofi kwa sababu mama amekufa."

Lori la mahindi lilipita, upepo wake ukamfunua sweta kichwani, nikaiona ile njia. Ilikuwa imenyooka, ngozi nyeupe kwa vumbi, na pembeni yake nywele zimesimama. Nilitaka kusema kwamba mwalimu hakujua. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa na faida kwake pale alipokuwa amesimama. Nilimpigia mke wangu simu.

"Nimempata. Nampeleka Mwazye."

"Mwazye? Mrudishe nyumbani! Kesho shule."

"Kesho haendi."

"Ana njaa," alisema. "Mnunulie chochote Matai."

Tulifika jua limeinama. Mama yangu alikuwa anapepeta maharage uani. Mtoto alimwamkia, kisha hapohapo, kabla ya kukaribishwa kukaa, akauliza ziko wapi nywele zake. Mama alinitazama. Nikamweleza kwa Kifipa, kwa kifupi, kuanzia paredi ya kwanza hadi barabarani. Mama si mtu wa kubembeleza. Alitua ungo chini akasema, "Njoo."

Matuta ya kwetu si ya mstari kama ya mahindi ya mjini. Ni ya mviringo, yanafika magotini, na hujengwa mvua zinapokaribia kwisha kwa kukata majani na kuyafukia ndani ya udongo. Majani yanaoza humo kiangazi chote. Mvua mpya zikianza, tuta hubomolewa, udongo wake mweusi hutawanywa, na juu yake hupandwa ulezi. Shamba la mama lilikuwa limejaa matuta hayo mpaka bondeni. Alikwenda moja kwa moja kwenye tuta moja la pembeni, akaligusa kwa mguu.

"Humu."

Mtoto alipiga magoti akaanza kuchimba kwa vidole. Udongo wa juu ulikuwa umekauka kama tofali.

"Acha," mama akasema. "Ukilibomoa sasa majani hayajaoza. Ulezi hautaota hapa."

"Nataka kuziona."

"Zitakuwa zimeshaoza."

Niliona bora asingelisema, lakini lilikwisha kusemwa. Mtoto aliendelea kuchimba mpaka kucha moja ikatoa damu. Mama alimtazama, kisha akachuchumaa kwa shida, kwa sababu magoti yake hayana nguvu, akaufunika mkono wa mtoto kwa wake.

"Sikiliza. Mimi nilimzaa yeye. Wewe umezaliwa naye. Mvua zikianza nitakupigia simu, na tuta hili hataligusa mtu. Utalibomoa wewe. Umesikia?"

"Ukisahau?"

"Nisahau nini?" mama akamjibu kwa ukali. "Kitu gani kingine nilichonacho cha kukumbuka?"

Baadaye mama alimshika kidevu akamgeuza kichwa. "Na huku nani kakulima barabara? Gari za wapi zinapita humu?"

Mtoto hakucheka, lakini pumzi ilimtoka puani kwa namna iliyokaribia kicheko. Mama aliuliza kama amalizie, maana hawezi kukaa hivyo. Mtoto alifikiri kwa muda mrefu. Alikubali, kwa sharti kwamba nywele ziingie kwenye tuta lilelile. Mama alimnyoa kesho yake asubuhi palepale shambani, taratibu, na walizifukia pamoja.

Tuliporudi mjini nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu alimwita yule mwalimu, nikaeleza mfululizo wa mambo bila kupandisha sauti. Mwalimu alisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwenye makofi aliketi.

"Mimi sikuambiwa, baba," alisema. "Naapa sikuambiwa."

Mwalimu mkuu aliangalia dirishani. Kisha akapata wazo. Kesho, alisema, atamwita mtoto mbele ya paredi, awatangazie wanafunzi kwamba mwenzao amefiwa, wampe pole kwa pamoja, na jina lile la utani litakufa siku hiyohiyo. Alikuwa na nia njema. Nilimwomba asimwite mbele tena, wala kwa jema wala kwa baya. Alishangaa, akasema haya.

Tulikubaliana mambo machache. Hakuna atakayegusa kichwa chake shuleni. Nywele zake atanyolewa na bibi yake, na kama zitarefuka kabla sijapata safari ya Mwazye, zirefuke. Tumbo likimuuma asitumwe nyumbani wala asiitwe mvivu, akakae nje ya ukuta wa darasa panapopigwa na jua, akiwa tayari arudi ndani. Mwalimu aliniuliza kama anaweza kuja nyumbani. Nikamwambia kwetu mlango wa msiba haufungwi.

Alikuja Jumapili baada ya misa, na kilo ya sukari na khanga kichwani, kama mtu anayekwenda kuhani siku ya kwanza. "Shikamoo baba, shikamoo mama." Aliketi. Mtoto aliitwa, akamwamkia, akasimama. Mwalimu alikuwa amejiandaa na maneno, nadhani, lakini yalimpotea.

"Pole kwa mama," alisema. "Mimi nilichelewa."

"Asante, mwalimu," mtoto alisema, kisha akaomba ruhusa kwenda kuosha vyombo. Tulisikia sufuria zikigongana nje kwa muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwepo. Mwalimu alilia kidogo, akanywa chai, akaondoka.

Singependa mtu adhani kwamba mambo yalinyooka. Wavulana waliendelea na lile jina mpaka walipolichoka. Godoro liliendelea kuanikwa, ingawa si kila siku. Mwalimu alimruhusu kukaa juani, na walimu wengine walinung'unika kwamba mtoto anadekezwa, kwani nani hajafiwa. Alishuka nafasi darasani. Binti yangu aliniambia kwamba darasa linapompigia mtu makofi, mtoto yule huficha mikono chini ya dawati mpaka yaishe.

Mvua zilianza. Jioni moja simu iliita, ilikuwa ya mama. Hakuuliza habari zangu. "Mwambie udongo umelainika," alisema, akakata.

Tulikwenda Jumamosi. Matuta yote ya jirani yalikuwa yamekwisha kubomolewa, shamba limekuwa tambarare na jeusi, na lile moja limebaki pembeni peke yake. Mama alimpa jembe dogo. Mtoto alipiga mara chache tu, tuta likafunguka, mvuke mwembamba wa joto ukatoka ndani. Aliweka jembe chini akaendelea kwa mikono.

Mama alikuwa amekosea. Hazikuwa zimeoza. Majani yalikuwa yamegeuka udongo, lakini vile vijiti vilikuwepo, vimeshikana kwa tope, uzi mweusi bado umevizunguka kuanzia upande uliokatwa hadi kwenye fundo. Harufu ilikuwa mbaya. Mama alitaka kusema kitu, nikamshika mkono.

Mtoto aliketi palepale kwenye udongo wenye maji. Akachukua kijiti cha kwanza, akakisafisha kwa sketi yake, akatafuta fundo kwa kucha. Lilimsumbua. Lilipofunguka, akazungusha uzi kinyume, taratibu, mpaka upande uliokatwa, na nywele zikaachana zikaanguka mapajani. Akachukua cha pili. Tulisimama tukimngojea, manyunyu yakatukuta, hakuna aliyekwenda kutafuta khanga ya kujifunika. Alivifumua vyote. Alipomaliza, nyuzi alizikunja akazitia mfukoni, nywele akazichanganya na udongo wa tuta, akasimama na kuutawanya kwa jembe upande huu na upande ule, kama alivyoona watu wakifanya tangu azaliwe. Kisha akamnyooshea bibi yake mkono ili ampe mbegu.

Jumatatu alivaa sare. Tumbo lilimuuma. Alikwenda hivyohivyo.